Maji Yanaingilia Wapi? Sili Zilizochoka Katika Mashine ya Boti ya Zamani

Bolti ya chini ya mguu wa mashine, ile sehemu inayozama majini ikiwa na gia na propela, ilipofunguka, kilichoteremka ndani ya beseni kilikuwa kizito, cheupe chenye ukijivu, na kilijaa vipovu vidogo visivyotaka kupasuka. Ami yangu, aliyelishika beseni kwa mikono miwili, alikitazama kwa muda, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, kisha akasema, "Hii si oili tena, mwanangu. Haya ni maji."

Tulikuwa Mkokotoni, chini ya mkungu ulio nyuma ya nyumba, maji yakiwa yametoka na mashua zimelala ubavu kwenye tope. Mashine yenyewe ni ya Kijapani, ya mipigo miwili, silinda mbili, nguvu ya farasi 15, iliyotengenezwa katika miaka ya 1980 na kupita mikononi mwa wavuvi kadhaa kabla ya kumfikia ami. Kilichonisumbua hakikuwa maji ndani ya oili, kwa sababu jambo hilo humpata karibu kila mwenye mashine ya umri huo. Kilichonisumbua ni kwamba sili za shafti ya propela, zile pete za raba zinazozuia maji yasiingie, zilikuwa mpya. Fundi alizibadilisha mwanzoni mwa kaskazi, mimi nikimshikia spana, na sababu ya kuzibadilisha ilionekana kwa macho: mshipi wa nailoni ulikuwa umejisokota nyuma ya propela, ukabanwa, ukapata joto, ukazikata sili midomo. Tuliutoa mshipi, tukasafisha shafti, sili mpya zikaingia sawasawa, oili mpya ya gia namba 90 ikajazwa.

Na bado maji yalikuwa yameingia.

Wiki kadhaa zilipita nikiwa na swali hilo kichwani. Wapo walioshauri sili za propela zibadilishwe tena, kwa kudhani kwamba zile za kwanza zilikuwa za hali ya chini. Wapo waliosema mguu umepata ufa na hauna dawa. Ami mwenyewe alianza kuulizia bei ya mashine nyingine. Mimi sikuweza kukubali lolote kati ya hayo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepaona mahali maji yanapopita.

Chuma hakionyeshi jasho

Katika dau la mbao, fundi anayetafuta uvujaji huingia ndani, hukausha ngama, na hungoja mpaka aone tone likijitokeza kwenye maungio ya mbao. Hapo hujua kalafati imelegea wapi. Mguu wa mashine haumpi fundi nafasi hiyo. Umefungwa pande zote, umejaa oili takriban robo lita tu, na ndani yake gia zinazunguka kwa kasi kubwa kiasi kwamba tone lolote la maji linaloingia huvurugwa na kuwa kitu kimoja na oili kabla mtu hajapata nafasi ya kulihesabu.

Hata hivyo, mguu hutoa dalili kwa anayejua kusubiri. Mashine ikisimamishwa wima usiku kucha bila kuwashwa, maji ambayo hayajachanganyika hushuka chini kwa sababu ni mazito kuliko oili, na asubuhi bolti ikilegezwa kidogo hutoka yenyewe kwanza, safi, kabla ya oili kufuata. Oili ikiwa nyeupe tupu bila maji kutangulia, maana yake ni kwamba maji yaliingia kidogo kidogo wakati mashine ikitumika, yakapondwa na gia. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Hiyo ilinipa tumaini, kwa sababu ufa wa kweli kwenye mguu kwa kawaida hauna subira ya namna hiyo.

Njia ambazo maji yangeweza kupita zilikuwa zinajulikana. Nyuma kuna shafti ya propela na sili zake, pamoja na ringi kubwa ya mpira inayozunguka kofia ya beringi. Ubavuni kuna bolti mbili, ya kutolea oili na ya kupimia kina chake, na kila moja ina gasketi ndogo ambayo watu huisahau. Nimekutana na mashine zilizofunguliwa mpaka gia ya mwisho kwa sababu ya gasketi ambayo thamani yake haifiki hata kikombe cha kahawa. Juu kuna fimbo ya kubadilishia gia, na kuna shafti ndefu inayoshuka kutoka kwenye kichwa cha mashine, mahali zilipo silinda, yenye sili zake chini ya pampu ya maji. Gasketi za bolti tulikwisha kuzibadilisha. Zilizobaki zote zilikuwa zinashukiwa kwa usawa.

Mdomo unaotazama upande mmoja

Nililazimika kurudi nyuma na kujiuliza sili hasa inafanya nini. Ni pete ya chuma iliyovikwa raba, na ndani ya pete hiyo kuna mdomo mwembamba unaoigusa shafti kwa ukingo usiozidi upana wa uzi. Nyuma ya mdomo kuna springi ndogo iliyozungushwa kama duara, ambayo huubana mdomo kwenye shafti ili uifuate hata shafti inapotikisika kidogo.

Mdomo huo haufanyi kazi sawa kutoka pande zote mbili. Msukumo ukitoka upande ambao mdomo unautazama, unaubana zaidi kwenye shafti. Ukitoka upande wa pili, unauinua. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za mguu sili huwekwa mbili mbili. Katika mashine nyingi moja hutazama ndani ili kuzuia oili isitoke, na nyingine hutazama nje ili kuzuia bahari isiingie. Zipo pia zinazotazama upande mmoja zote mbili, kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote inafaa kupiga picha au kuchora, kwa kuwa mpangilio uliopo ndani ya mashine ndio unaopaswa kuulizwa kwanza, baada ya hapo kitabu cha mtengenezaji.

Ule mpangilio wa kutazama pande mbili ulianza kunifungua macho. Mashine inapokwenda, gia na oili hupata joto, oili na hewa kidogo iliyo juu yake hutanuka, na msukumo ndani ya mguu hupanda. Mvuvi anapofika mahali pa kutega na kuizima, mguu uliozama kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 hupoa kwa haraka, vilivyomo ndani husinyaa, na sasa mguu unavuta badala ya kusukuma. Mchana wa uvuvi wa kuwasha na kuzima ni mchana mzima wa kusukuma na kuvuta.

Kwa hiyo sili inayozuia oili inaweza kuwa nzima kabisa, chini ya boti pasiwe na utando wowote wa oili juu ya maji, na bahari ikaendelea kuingia.

Pampu ya baiskeli haikuona kitu

Jaribio linalojulikana ni la kusukuma hewa. Oili hutolewa yote, bolti ya chini hufungwa, na kwenye tundu la juu huwekwa kiunganishi chenye valvu ya tairi na geji. Watengenezaji wengi wa mashine hizi hutaja kilopaskali 100 hivi, yaani takriban paundi 14 kwa inchi ya mraba, na pampu ya baiskeli hufika hapo bila taabu. Kuzidisha ni hatari, kwa kuwa msukumo mkubwa unaweza kuisukuma sili nzima kutoka kwenye kiti chake, na hapo mtu atakuwa ametengeneza uvujaji ambao haukuwepo.

Tuliuzamisha mguu kwenye pipa la maji, tukapiga pampu, tukangoja povu. Tukazizungusha shafti zote mbili kwa mkono taratibu, tukaivuta fimbo ya gia mbele na nyuma. Sindano ya geji ilisimama pale pale. Hapakutoka hata povu moja.

Huo ndio wakati nilipolitilia shaka jambo zima. Kama mguu unashikilia hewa, basi mguu ni mzima. Na kama mguu ni mzima, maji yametoka wapi? Fundi alianza kufikiri kwamba labda oili tuliyonunua ilikuwa na maji tangu dukani, jambo ambalo si la ajabu kwa oili inayouzwa kwa kupimiwa kutoka kwenye pipa. Ami alikuwa tayari kuurudisha mguu na kuingia baharini. Ilikuwa karibu na bamvua, na kila siku ya mashine kukaa nchi kavu ilikuwa siku ya kupoteza.

Nilimwomba anipe siku moja zaidi.

Sababu ya ombi langu ilikuwa ni ule mdomo unaotazama upande mmoja. Pampu ya baiskeli ilikuwa imeiuliza sili ya ndani peke yake, ikajibu vizuri. Sili ya nje hakuna aliyeiuliza.

Bomba la sindano na beseni la maji

Kwa jaribio la kuvuta hatukuwa na geji ya aina yake, na haikuhitajika. Nilinunua kwenye duka la dawa bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, pamoja na mita kadhaa za mpira mwembamba unaopitisha mwanga na kiunganishi chenye njia tatu. Mguu ukawekwa juu ya meza, umekauka, hauna oili. Njia moja ya kiunganishi iliingia kwenye tundu la juu la mguu, ya pili kwenye bomba la sindano, na ya tatu ikashuka kwa ule mpira mpaka ndani ya beseni la maji lililowekwa sakafuni.

Ukivuta bomba, hewa ndani ya mguu hupungua, na maji hupanda ndani ya mpira kutoka kwenye beseni. Maji yakipanda mita moja, mvuto uliopo ni wa takriban kilopaskali 10. Ni mdogo ukilinganisha na ule msukumo wa pampu, lakini ndio ukubwa wa jambo lenyewe linalotokea baharini, na mpira ule huonyesha mabadiliko madogo ambayo geji ya bei nafuu haiwezi kuyaonyesha kabisa.

Nilivuta. Maji yalipanda mpaka karibu na kiuno changu, nikaweka alama ya kalamu kwenye mpira, nikalishikilia bomba lisirudi.

Maji yakaanza kushuka. Yalishuka polepole lakini bila kusita, upana wa kidole, kisha wa kingine.

Sijui kama furaha ndilo neno linalofaa kwa mtu anayeuona uvujaji wa mashine ya ami yake, lakini nilifurahi. Jambo lililokuwa fununu lilikuwa sasa na umbo. Kilichobaki ni kujua mahali, na kwa hilo grisi nzito ilitosha. Tulipaka grisi nyingi kuzunguka shafti ya propela, mahali zilipo zile sili mpya, nikavuta tena: maji yakashuka kama mwanzo. Tukaifunika kwa grisi fimbo ya kubadilishia gia: yakashuka vile vile. Fundi akapaka grisi juu, pale shafti ndefu inapoingia mguuni chini ya bamba la pampu ya maji, akaibana kwa kidole kuizunguka shafti yote.

Maji yakasimama kwenye alama.

Alipoifuta grisi, yakaanza kushuka upya. Tulirudia ili kuwa na uhakika, na jibu halikubadilika. Sili za propela hazikuwa na hatia yoyote, na fundi aliyezibadilisha, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa akisikia maneno ya watu, alikuwa ameifanya kazi yake ipasavyo. Uvujaji ulikuwa wa sehemu mbili tangu mwanzo, na ule wa mshipi ndio uliotutangulia kuonekana.

Mfereji uliochimbwa na mchanga

Pampu ya maji ilipotolewa, na bamba lake likafuata, zilionekana sili mbili za shafti ndefu. Ya ndani raba yake ilikuwa bado laini. Ya nje ilikuwa imekauka, mdomo wake umekuwa bapa na kung'aa, na springi yake ilitoka kwa vipande, imeliwa na kutu. Springi hiyo ilinieleza jambo: mtu aliyeimiliki mashine zamani aliwahi kuweka sili ya kawaida ya nchi kavu. Sili za aina hiyo nyingi zina springi ya chuma cha kawaida, inayodumu miaka katika oili ya gari lakini isiyostahimili chumvi. Sili za baharini huwa na springi ya chuma kisichoshika kutu, na mara nyingi tofauti hiyo haionekani mpaka sili ifunguliwe.

Lakini sili iliyokufa haikunitosha. Nilitaka kujua kilichoiua. Fundi aliipitisha kucha yake taratibu kwenye shafti, kutoka juu kuja chini, na mahali mdomo wa sili ya nje ulipokuwa ukigusa, kucha ilinasa. Palikuwa na mfereji mwembamba kuizunguka shafti yote. Nilipitisha yangu pia, nikausikia.

Raba ni laini, nayo shafti ni chuma kigumu, na ni rahisi kudhani kwamba raba ndiyo huisha. Kinachotokea ni kwamba chembe za mchanga hujipachika kwenye raba, na raba inazishikilia zikiisugua shafti kila inapozunguka. Sili ya nje ya shafti ndefu iko chini kabisa ya pampu inayovuta maji ya kupoozea mashine, kwa hiyo chochote kinachovutwa pamoja na maji hayo hupita jirani yake. Ufuo wa Mkokotoni ni wa kina kifupi, wenye tope na mchanga, na watu wengi huwasha mashine mapema, maji yakiwa bado kiunoni, propela ikivuruga chini. Impela ya pampu yetu nayo ilikuwa na mikwaruzo kwenye mabawa yake. Ushahidi ulikuwa umekamilika.

Ami alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotarajia. Alisema baba yake hakuwahi kuondoka ufuoni kwa kitu kingine isipokuwa upondo, mpaka maji yabadilike rangi.

Namba tatu

Sili mpya juu ya mfereji wa zamani ni kazi bure, kwa kuwa mdomo utakaa ndani ya bonde lile lile na hautabana. Njia zilizopo ni tatu. Mtu anaweza kununua shafti mpya, kama inapatikana na kama mfuko unaruhusu. Anaweza kuivika shafti ala nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye unene wa takriban milimita 0.28, ili sili ibane juu ya uso mpya. Au anaweza kuusogeza mdomo wa sili, uiguse shafti mahali ambapo haijachimbwa.

Shafti ya mashine ya umri ule haikupatikana kwa haraka. Hofu ya spea ni hofu ya kila mwenye mashine kongwe, na si ya bure: OMC, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude, jina lililoanzia kwa Ole Evinrude aliyeanza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, ilifilisika Desemba 2000, na utengenezaji wa Evinrude wenyewe ukakoma mwaka 2020. Wenye mashine hizo bado wapo baharini. Jambo linalowaokoa, na lililotuokoa sisi, ni kwamba sili nyingi zimetengenezwa kwa vipimo vya kawaida vinavyotumika katika mashine za kila namna. Ukingoni mwa sili huwa pameandikwa namba tatu za milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na upana. Sili yenye 20-35-7, kwa mfano, huingia shafti ya milimita 20, hukaa kwenye tundu la 35, na ina upana wa 7.

Namba ya tatu ndiyo tuliyoichezea. Vipenyo viwili lazima viwe vile vile, lakini upana ukipungua milimita moja, mdomo husogea, na kwetu milimita moja ilitosha kuuvuka mfereji. Nilivuka kwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, nikapita Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya beringi, nikiwa na sili ya zamani mfukoni na kipimo cha shafti kwenye karatasi. Muuzaji wa kwanza aliweka mezani sili yenye vipenyo sahihi kabla sijamaliza kueleza. Nilipouliza kuhusu springi, alisema zote ni moja. Niliaga nikaendelea kutafuta, kwa sababu kwa swali hilo jibu la "zote ni moja" ndilo lililotuletea springi yenye kutu. Duka lililofuata lilikuwa na orodha ya mtengenezaji, na ndani yake ilielezwa springi ya chuma kisichoshika kutu, raba ya nitrili, upana pungufu kwa milimita moja. Nilinunua mbili za kila aina tuliyoihitaji.

Kuingiza bila kuumiza

Kung'oa sili ya zamani ndiko kunakoharibu mashine nyingi. Bisibisi inayopenyezwa kwa nguvu ubavuni mwa sili huchora alama kwenye tundu la aluminiamu, na maji hupita kwenye alama hiyo, nje ya sili, hata sili iwe nzuri kiasi gani. Fundi wetu alitoboa matundu madogo mawili kwenye uso wa sili yenyewe, kwenye pete yake ya chuma, akaingiza skrubu fupi, akazivuta kwa koleo kwa zamu mpaka sili ikatoka. Kuta za tundu zilibaki safi. Kutu nyeupe ya aluminiamu iliyokuwa chini tuliiondoa kwa kitambaa na msasa laini sana, bila kukigusa kiti chenyewe zaidi ya ilivyohitajika.

Kabla ya kuingiza, grisi ya baharini ilipakwa kwenye mdomo na kujazwa katika nafasi iliyo kati ya sili mbili, ili mdomo usizunguke mkavu katika dakika za kwanza, na ili maji yasipate pahali pa kukaa. Meno ya shafti yalifunikwa kwa utepe laini, maana kingo zake zinatosha kuukata mdomo mpya kabla haujafika kwenye kazi yake. Sili iliingizwa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake wa chuma, ikigongwa kidogo kidogo kuizunguka, huku fundi akipima kila mara kwamba haijainama. Sili iliyoinama hata kidogo hubana upande mmoja na kulegea upande wa pili.

Jambo hilo halikuchukua muda mrefu. Kazi ya wiki kadhaa ilikuwa ya kujua mahali; kazi ya mikono ilimalizika kabla ya adhuhuri.

Tuguse kichwa au tusiguse?

Hapo ndipo tulipotofautiana. Ami alisema kwamba kwa kuwa mashine imekwisha kufunguliwa, na kwa kuwa sili za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, nazo ni za miaka ile ile, basi zibadilishwe zote, "tumalize, mwanangu, nisirudi tena hapa." Alikuwa na hoja. Katika mashine ya mipigo miwili, chumba cha krenki ndicho kinachovuta mchanganyiko wa petroli na hewa, na sili ya juu, iliyo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu, ikipitisha hewa, mchanganyiko hukosa petroli na oili ya kutosha. Mashine huwa ngumu kuwaka, haitulii inapokwenda polepole, na pistoni hupata joto linaloweza kuiunguza. Maji ndani ya mguu huharibu kwa miezi. Hewa ndani ya chumba cha krenki inaweza kuharibu kwa safari moja ndefu.

Mimi nilipinga, na fundi alikuwa upande wangu. Tulizitoa plagi. Katika mashine ya silinda mbili kila silinda ina chumba chake, kwa hiyo sili ya juu ikivuja, plagi ya juu huwa nyeupe kuliko ya chini. Zetu zilikuwa za kahawia, zinazolingana. Chini ya flaiwili hapakuwa na unyevu wa petroli na oili. Mashine ilikuwa ikiwaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili na kutulia bila kupiga misi. Kwa upande mwingine, kuifikia sili ya chini ya krenki kulitaka kichwa kizima kishushwe, na bolti zinazokishikilia zilikuwa zimekaa kwenye aluminiamu na chumvi kwa miaka zaidi ya 30, nyingine zikiwa zimezungukwa na unga mweupe. Bolti ya namna hiyo hukatika, na mashine iliyokuwa inakwenda hugeuka kuwa mashine isiyokwenda kwa sababu ya sili ambayo haikuwa imelalamika.

Ami alinyamaza, akazitazama zile plagi mbili kwenye kiganja chake, akaziweka pamoja, akazigeuza. Kisha akasema tuache.

Baada ya bamvua

Mguu uliporudishwa tuliujaribu upya kwa njia zote mbili kabla ya kuutia oili, kwanza pampu ya baiskeli, kisha bomba la sindano. Maji kwenye mpira yalikaa kwenye alama tangu tulipoingia ndani kula mpaka tulipotoka kuswali alasiri. Oili mpya ilijazwa kutoka tundu la chini kwenda juu, kama inavyopasa, ili hewa isinaswe ndani, na gasketi za bolti zikawa mpya tena.

Ami alivua bamvua zima kaskazini ya Tumbatu, akiwasha na kuzima kama kawaida yake, ila sasa akitumia upondo mpaka maji ya kina. Nilipofungua bolti baada ya hapo, oili ilitoka ya dhahabu iliyoingia weusi kidogo, nayo ilipitisha mwanga. Niliipaka kwenye kioo na kukiweka juani, na hakikuonyesha weupe wowote.

Shafti bado ina mfereji wake, na sili imekaa milimita moja tu kutoka hapo. Kusi linakuja, na ukichukuliwa na mkondo wa mfereji wa Pemba unaokwenda kaskazini kwa nguvu zaidi msimu huo, huna haja ya mashine yenye shaka. Tumekubaliana oili ikaguliwe kila mwisho wa bamvua, impela ibadilishwe kabla ya upepo kugeuka, na mwenye kufika Dar es Salaam aendelee kuuliza shafti. Namba tatu za sili mpya, pamoja na neno la springi, tumeziandika kwa rangi upande wa ndani wa kifuniko cha mashine, ili fundi yeyote atakayekifungua baadaye azikute.